Munganga Aliyekataa Malaria

Ukienda kwake na kichwa kinakuuma, anaanza na miguu. "Vua viatu," anakuambia kabla hujakaa. Ukimweleza kwamba shida iko kichwani, anakujibu kwamba kichwa hakijakimbia, tutakikuta hukohuko juu. Baada ya viatu ni soksi. Soksi alizichukia waziwazi, na mtu aliyekuja na soksi mbili juu ya nyingine kwa ajili ya baridi ya Juni alipata maneno yake kwanza, matibabu baadaye. Anainama na tochi, anaangalia unyayo, katikati ya vidole, kisigino, anapanda kwenye goti, anafika shingoni, na hapo anabonyeza chini ya masikio kwa vidole viwili, taratibu, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Kisha: "Fungua kinywa. Zaidi. Sikuombi siri, nakuomba ulimi." Anamulika dari ya kinywa mpaka mate yanaanza kukutoka. Ndipo anakaa, anachukua kalamu na kuuliza: "Bon. Kichwa kinauma tangu lini?"

Huku ufukweni mwa ziwa Mweru tulimwita Munganga, basi. Kwetu sisi tuliotoka ng'ambo, Kongo, munganga ni daktari wa hospitali. Yule wa mizizi na hirizi ana jina lake. Kwa karatasi hata daktari kamili hakuwa. Alikuwa tabibu wa kituo cha afya, cheo cha mtu anayefanya kila kitu na kulaumiwa kwa kila kitu. Wazambia wenzake walimwita bashikulu, babu, tangu alipokuwa na mvi tatu tu, kwa sababu alikuwa na ile hasira ya mtu mzima.

Mimi sikuwa mgonjwa wake. Mimi ni muuza samaki, mkimbizi wa kambi ya Mantapala, na nilifika pale kituoni na beseni la chisense, dagaa wa huku, ili niwauzie wauguzi. Ndani kulikuwa na mzee wa Kikongo akieleza ugonjwa wake kwa Kiswahili, na muuguzi akimjibu kwa Kibemba, kila mmoja akipaza sauti ili mwenzake aelewe. Nikaingilia kati, maneno mawili tu. Munganga akatoka chumbani kwake.

"Mayo," akaniambia, yaani mama, "weye unajua luga mbili. Kaa apa."

Nikakaa. Nilikaa kila Jumanne kwa miaka, na mpaka leo hakuna barua iliyoniajiri wala iliyonifukuza.

Kiswahili chake mwenyewe alikuwa amekiokota bandarini kwa wachuuzi wa Kikongo, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha mizani, cha barafu na cha ugomvi. Akimpima mtu akamkuta mzima anamwambia, "Uko freshi, enda." Mama mmoja aliyekuwa amelazwa wiki mbili akamsikia akiwaambia wanawe kwa furaha kubwa: "Mama yenu hayaoza bado!" Wale watoto wakaanza kulia. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuwaeleza kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizonazo.

Na mimi nilimharibia pia. Munganga alikuwa mtu wa kumwambia mgonjwa ukweli mtupu, kisha anaendelea kula karanga zake. "Hii ni kansa," anasema. Mimi natafsiri: baba, Mungu ni mwema, kuna kitu kidogo kimeonekana, tusikate tamaa. Siku moja akaweka karanga chini.

"Nilisema maneno tatu. Weye umesema makumi mbili. Ile ingine ni ya nani?"

"Ni yangu, bashikulu."

"Bon. Yangu iende mbele. Yako ifuate, kama iko na njaa ya kusema."

Tangu siku ile nilitafsiri hivyo, yake kwanza, yangu nyuma, na niliona kwamba watu walisikia zaidi ile ya kwanza. Iliniuma kidogo.

Lakini vita vyake vikubwa havikuwa na soksi wala na mimi. Vilikuwa na malaria. Huku kwetu wilaya ya Nchelenge homa ina jina moja. Mbu wetu ni wa nyumbani, tunawafahamu, na mtu akianza kutetemeka hata jirani hatoki nje kuangalia: ni malaria. Akitapika, malaria. Akikonda, malaria ya zamani. Akivimba, malaria imeingia kwenye damu. Mtu akifa, watu wanauliza kama malaria ilimpanda kichwani, na mwenye msiba anajibu ndiyo ili mazungumzo yaendelee. Kituoni kulikuwa na kipimo kidogo cha tone la damu, mistari miwili ni ndiyo, na Munganga alikuwa akikishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa njiani. Alisema kipimo hakidanganyi, ila katika ufuko huu kinasema ndiyo kwa watu wengi wanaopita barabarani wakitafuna mahindi, wazima kabisa. Kuwa na wadudu wa malaria kwenye damu si sawa na kuugua kwa sababu yao. "Mutu anaweza kuwa na mbwa nyumbani," alisema, "na akaumwa na nyoka."

Nyoka wake yeye alikuwa kirusi. Nimekitafsiri mara nyingi hata nakijua kama bei ya samaki wangu wa makobo. Ni cha ukoo wa herpesi, namba nane katika ukoo huo, na wengi wetu huku tunacho tangu utotoni, kinapita hata kwa mate, na kimelala. Kinga ya mwili ikichoka, kinaamka. Kikiamkia kwenye ngozi, hasa ya miguu, au ndani ya kinywa, kinaleta madoa meusi au ya zambarau, ambayo hayaumi, na hayo ni kansa. Kikiamkia kwenye tezi, kinaleta homa na jasho, shingo inavimba, bandama inavimba, damu inapungua, halafu wiki mbili mtu anapona kabisa na kula, halafu inarudi. Wakati mwingine hakuna uvimbe wa kutosha kuonekana, ni mwili mzima tu unaowaka moto kwa ajili yake. Hayo yote, alisema, huku yana jina moja, na jina hilo si lake. Ndiyo maana miguu. Ndiyo maana kinywa.

Basi akawa hawezi kuona binadamu bila kumpima. Kuna siku ulikuja ujumbe wa wakubwa kutoka makao ya mkoa kufungua vyoo vipya vya kituo. Magari manne kwa vyoo viwili. Kiongozi wao alikuwa mtu wa kucheka, na katikati ya hotuba alicheka kwa kinywa kizima. Nikamwona Munganga, aliyekuwa amesimama karibu kama itifaki ilivyotaka, akinyoosha shingo. Kiongozi akacheka tena. Tochi ikawaka.

"Mukwai," Munganga akasema kwa heshima zote, "naomba rudia ile ya mwisho."

Hakuona kitu ila jino la dhahabu. Friji tuliyokuwa tumeahidiwa ilikwenda kituo kingine.

Mchungaji wetu wa Mantapala alikuwa na huduma ya miguu. Watu wenye miguu iliyovimba na madoa walipakwa mafuta kila Ijumaa, na madoa yakaitwa alama za vita vya rohoni. Nilidhani watapigana. Munganga akaenda kwenye ibada, akakaa mstari wa nyuma, akangoja mpaka mwisho, akafanya mkataba naye mlangoni: doa linalouma, mchungaji aombee, doa lisilouma, amletee yeye. Mchungaji aliona kwamba hajanyang'anywa chochote, maana watu wengi wana maumivu. Jumapili iliyofuata akatangaza mimbarani kwamba Bwana ametenga madoa, na yasiyouma ni ya Munganga. Hakuna semina ya afya iliyowahi kutuletea wagonjwa kama tangazo lile.

Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Chisenga alikuwa na madoa kwenye shavu la mguu, na ukoo wake uliamua ni ubao wa mtumbwi, pale anapoegemea akivuta nyavu. Mtumbwi ukashukiwa, ukauzwa haraka kwa ukoo mwingine ambao haukuambiwa kitu. Munganga akakata kipande cha doa, akakituma, ikarudi kansa ya kile kirusi. Yule bwana akapelekwa hospitali kubwa, akatundikiwa dawa, madoa yakafifia. Ukoo ulipoona vile walimwendea Munganga wote pamoja. Nilidhani wamekuja kushukuru. Walikuwa wanataka aandike barua kwamba mtumbwi hauna hatia, ili waudai. Na Munganga, ambaye alikuwa akilalamika kuandika hata jina lake, aliiandika, na akapiga muhuri wa kituo.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali bila sababu. Aliwahi kumfukuza mama aliyekuja na viatu vya kamba nyingi. Hakusifu mtu. Hakumruhusu mtu yeyote kumpima yeye, na jambo ambalo mpaka leo linanichekesha ni hili: akipiga chafya mbili, akisikia baridi kidogo mgongoni, Munganga yuleyule alifungua droo, akatoa vidonge vya malaria na kuvimeza vyote kwa chai. Nilimkuta.

"Bashikulu, hukupima?"

"Mimi najijua."

"Hata tezi?"

Akafunga droo. "Mayo, leo si Jumanne?" akaniambia. "Enda ukaite mutu wa kwanza."

Sasa nifike kwa yaya. Yaya ni dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni tulipovuka, na yeye nilikuwa naye nyumba moja Mantapala. Alikuwa anameza dawa zake za ARV bila kukosa siku, hiyo nataka ijulikane, maana watu walisema mengi. Akaanza homa. Kipimo kikasema malaria, akameza, akapona. Baada ya wiki tatu ikarudi, jasho la kulowesha mkeka. Malaria. Akameza. Ikaenda ikarudi hivyo mpaka alikuwa haamki bila kushika ukuta, na mimi bado nilikuwa nauza samaki na kusema itapita. Mimi, wa Jumanne. Sijui niseme nini juu ya hilo, ila kwamba ugonjwa wa watu wengine unauona kwa macho, na wa nyumbani unauona kwa hofu.

Siku aliyokubali kwenda kwa Munganga alikuwa hana nguvu hata ya kunigombeza.

"Bananipima, banasema malaria," yaya akamwambia. "Nakunywa dawa, inaenda. Inarudia. Franchement, kweli, minachoka."

Munganga alianza na miguu. Hakuna kitu. Kinywa, hakuna kitu. Alipofika shingoni vidole vyake vikasimama. Akabonyeza kwapani, akabonyeza tumboni upande wa kushoto, akakaa chini bila kuchukua kalamu.

"Awe," akasema, yaani hapana. "Malaria gani hii inajua kuenda likizo?"

Alieleza kwamba lazima akate tezi moja ya shingo, nzima, iende maabara ya mji mkuu, ipakwe rangi inayoonyesha kile kirusi. Bila jibu hilo, hospitali kubwa haitampa yaya dawa zenyewe, maana ni dawa kali, na hakuna mtu anayewasha moto ule kwa kubahatisha. Na yaya hakuwa na muda mwingi. Alisema hivyo kwa maneno matatu na mimi sikuongeza langu hata moja.

Akaikata asubuhi ileile, pale kituoni. Akanipa chupa, akijua kwamba kila wiki napeleka samaki Mansa, kwenye makao ya mkoa.

"Weye njo unaenda Mansa leo na samaki?"

"Ee, bashikulu."

"Beba hii. Peleka kwa ofisi ya maabara, bao batatuma mbele. Isiharibike. Maisha ya yaya yako iko mule."

Ndani ya chupa kulikuwa na kitu kidogo, ukubwa wa haragwe, cheupe-cheupe, ndani ya maji. Nilifika stendi ya Kashikishi mapema, maboksi yangu ya barafu yakiwa yamejaa makobo, na kabla basi halijapakia nikafungua kile kifuniko. Najua mnachotaka kuniuliza. Nilifungua kwa sababu mimi ni muuza samaki, na muuza samaki hapokei mzigo bila kuunusa.

Harufu ilinichoma macho. Nikasema, jamani, nyama ya yaya imeshaanza kuharibika, au muuguzi amekosea akaweka maji ya kuoshea choo. Watu wa Mansa niliwajua: ukifika na kitu kinachonuka wanakurudisha nacho mbele ya watu wote. Nikayamwaga yale maji kando ya barabara. Nikakiosha kile kipande kwa maji safi, mara tatu, kwa vidole vyangu hivi. Nikakitia chumvi kidogo. Nikakirudisha ndani na barafu iliyopondwa, nikaizika chupa katikati ya makobo, pale chini ambapo baridi haitoki mpaka safari iishe. Nikaomba. Sijawahi kupakia samaki kwa mapenzi kama siku ile, na mtu angeniuliza ningemwambia kwa fahari kwamba nyama ya yaya imesafiri vizuri kuliko mbunge.

Yale maji yalikuwa ndiyo dawa ya kuihifadhi. Sikujua. Hakuna mtu aliyeniambia, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba kuna haja ya kumwambia mtu mzima asioshe tezi ya binadamu.

Jibu lilichukua wiki nyingi. Lilipofika, Munganga alilisoma akiwa amesimama mlangoni, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni mwa shati.

"Nilikata mubaya," akasema. "Tezi ilikuwa kiloko sana, kadogo. Nitakata ingine."

Nilimkasirikia. Naandika hili kwa aibu. Yaya alikuwa amebaki mifupa na macho, wiki zote zile zimepotea, na huyu mzee ananiambia amekata vibaya! Nilimsema sokoni. Niliwaambia wanawake wa meza za samaki, kwa Kiswahili na kwa Kibemba ili asikose mtu, kwamba macho ya bashikulu yamekwisha, kwamba anakata watu ovyo, kwamba Jumanne zake sizitaki tena. Walinisikiliza vizuri sana. Mimi nina sauti.

Lakini tezi ya pili niliibeba, maana hakukuwa na mwingine. Safari hii Munganga alikuwa ameifunga chupa kwa plasta kuzunguka kifuniko, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ilikuwa kubwa kuliko ngumi, akaitia kwenye kopo la maziwa, na kopo nalo akalifunga.

"Sasa inasafiri bila barafu," akaniambia. "Babadilisha utaratibu."

"Nani?"

"Ofisi."

Nikaamini mara moja, kwa sababu ofisi huwa inabadilisha utaratibu. Nikaliweka kopo mapajani na sikumsemesha tena.

Tezi ya pili ilisema kila kitu. Kirusi kilikuwa mule, wazi, kama Munganga alivyosema siku ya kwanza kwa vidole viwili. Yaya akapelekwa hospitali kubwa, akatundikiwa dawa, nywele zikaanguka, nikakaa naye huko miezi. Akapona. Leo yaya ni mnene, ana meza yake ya chisense, na ananigombeza kila siku. Kanisani anatoa ushuhuda kila mwaka: mapepo yaliyotolewa shingoni mwake yalianza yakiwa mawili, mwaka jana yalifika saba. Munganga katika ushuhuda huo yumo, kwa kifupi, kama mtu aliyeshika taa wakati Mungu akifanya kazi. Nilipomsimulia alifurahi. Alisema kushika taa ni kazi nzuri, wengi wanaishika vibaya.

Kituoni nilirudi baada ya muda mrefu, hasira imeisha, na sikuomba msamaha kwa sababu nilidhani mimi ndiye ninayesamehe. Tuliendelea. Nikambebea chupa nyingine nyingi, zote zimefungwa plasta kama mtu aliyevunjika mkono, mpaka alipostaafu, na nilizoea kabisa.

Mwaka huu ndipo muuguzi mmoja wa zamani wa pale kituoni alisimama kwenye meza yangu akichagua samaki. Tukakumbushana habari za Munganga, tukacheka habari ya jino la dhahabu. Akasema, kama mtu anayesema jambo linalojulikana: "Maskini bashikulu, na ule mwaka bamukatazaka kushika kisu, sababu ya chupa ya yaya wako."

Nikamwambia sijui anasema nini. Akanieleza. Wakubwa walikuwa wamepata nakala ya jibu la maabara: sampuli imeoza. Walipomuuliza Munganga, aliandika kwamba kosa ni lake. Barua ya kumzuia kukata ilifika wiki moja baada ya tezi ya pili ya yaya. Asikate mtu mpaka ahudhurie semina. Semina ikaahirishwa, kwa sababu mwalimu wake alikuwa kwenye semina, ikahamishwa mji, ikaahirishwa tena, na baada ya mwaka na zaidi ilipofanyika, ilikuwa ni siku mbili za kujifunza kujaza fomu mpya. Akapewa cheti. Akaruhusiwa kisu. Muuguzi alilipia samaki wake na kwenda.

Kesho yake nilipanda gari la barabara ya Chienge. Ana kashamba ka mihogo huko, karibu na maji. Nilimkuta anamenya mihogo ya kuloweka, amekuwa mdogo, shati limekuwa kubwa. Aliniangalia miguu. Nikavua ndala kabla hajasema, nikakaa chini.

"Bashikulu, ile karatasi ya kwanza ilisema nini?"

Hakuniuliza karatasi gani. "Ilisema nyama imeoza. Iko na chumvi. Na magamba ya samaki mbili."

"Kumbe ulijua."

"Mayo, nani mwingine?"

Nikaanza kulia, na yeye akaendelea kumenya. Nilimwambia nilivyoiosha, mara tatu, na barafu, na jinsi nilivyomsema sokoni. Alisikiliza kama anavyosikiliza mgonjwa, bila kunisaidia.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungebeba ya pili?"

Nisingebeba. Ningeogopa hata kuigusa.

"Na bangesema bakimbizi basiguse tena muzigo ya hospitali," akasema. "Kila wiki nani anaenda Mansa? Weye. Nilikuwa nahitaji mutu wa kubeba. Ile njo yote."

Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimesamehewa, kwa namna yake. Lakini njia nzima kwenye gari kulikuwa na swali lingine kifuani, na nilijua kwamba huyu ndiye mtu mmoja katika ufuko huu ambaye hatanilainishia jibu.

"Ule mwaka bila kisu. Walikuja wengine kama yaya?"

"Ee."

"Wangapi?"

"Batatu. Nilibaandikia karatasi ya kuenda hospitali kubwa. Mumoja hakuenda. Babili balienda, balirudishwa na dawa ya malaria."

"Wakafa?"

"Bote."

Nikamwomba majina. Aliweka kisu chini, akanitajia moja moja, na mahali pa kila mmoja. Wa kwanza wa Chisenga. Wa pili wa hapo hapo Chienge. Wa tatu mwanamke wa Mantapala, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilimjua. Homa yake ilikuja na kuondoka mwaka mzima, na shingo yake ilikuwa imevimba hata shanga hazifungi. Nilikwenda kwenye matanga yake, mimi ambaye yaya yangu alikuwa amepona na amekaa nyumbani. Nilisonga bukari, ugali wetu wa Kongo, ya watu wote, na kila aliyefika akauliza ni nini kilichomuua, mimi ndiye niliyekuwa pale mlangoni nikimjibu: malaria.